Ahadi ya Barka Mpiga Ngoma

Nimesikia yanayosemwa hapa kisiwani Jerba juu ya harusi ya binti wa Barka, na juu ya nyumba yetu. Wengine wanasema sisi akina Ben Yaala tulimlazimisha mzee kujidhalilisha mbele ya wakwe zake. Wengine, hasa wanaume wa mkahawani, wanasema msichana aliyesoma kupita kiasi alimnyang'anya baba yake ngoma. Mimi nilikuwepo, niliketi safu ya mbele, na Barka nimemjua tangu siku nilipoletwa katika nyumba hii nikiwa bibi harusi. Marehemu mume wangu, Bwana Tayeb, aliyekuwa mwalimu mkuu, hakupenda mambo ya nyumba yake yasimuliwe na watu wasioyajua. Kwa hiyo nayasimulia mimi.

Barka alikuwa na kazi mbili. Baridi ikiisha alipaka nyumba za watu chokaa, na hakuna kuta zilizong'aa kama zilizopita mikononi mwake. Msimu wa harusi ukifika aliziweka kando nguo za chokaa, akavaa joho jeupe na kofia nyekundu, akajifunga ngoma kifuani, akatangulia mbele ya maharusi na mpiga zumari nyuma yake. Baba yake alikuwa mpiga ngoma, na babu yake pia. Babu wa babu yake alikuwa mtumwa katika nyumba hii hii. Sisemi hili kwa kunong'ona, kwani limeandikwa hata kwenye kitambulisho: Barka Atig Ben Yaala, yaani Barka aliyeachwa huru na Ben Yaala. Mume wangu aliona kuwa jina hilo ni sifa kwa wazee wake walioacha mtu huru. Barka mwenyewe analionaje, sikupata kumsikia akisema.

Kwetu mgeni akitaka nyumba yake itajwe harusini humwendea mpiga ngoma na kumchomekea kishada cha yasmini juu ya sikio. Mpiga ngoma akishakipokea hana hiari. Hunyamazisha ngoma, huitaja nyumba ya aliyekitoa, na huisifu watu wote wasikie. Barka alianza kwa namna moja kila mara, kama alivyoanza baba yake.

"Mimi mtwana wenu, na baba yangu mtwana wa baba zenu!"

Akishayasema hayo alikuwa amejifungulia mlango. Kuanzia hapo aliweza kumwambia mtu yeyote jambo lolote. "Nyumba ya Ben Yaala!" aliwahi kuita harusini kwa mwanangu mkubwa. "Visima vyao vitamu, mizeituni yao mizee, na nyama waliyotuwekea leo nimeinua juu nikaona jua upande wa pili!" Watu walicheka hadi kushikana mabega. Mume wangu, ambaye hakucheka ovyo, alikwenda jikoni kuagiza nyama iongezwe. Hakuna mtu mwingine katika mji huu ambaye angeweza kumwambia mwalimu mkuu kuwa amebana nyama.

Binti yake Nejma nilimfundisha kusoma mimi mwenyewe, darasa la kwanza. Alikuwa mtoto wa kuuliza mara mbili. Alikwenda chuo kikuu, akawa mwalimu wa historia kule Sfax, na bunge lilipopitisha ile sheria ya kuwaadhibu wabaguzi wa rangi, nchi nzima ilianza kubishana kuhusu maneno. Kinyozini, sokoni, mezani, watu walikuwa wakipima lipi bado linasemeka na lipi halisemeki. Shemeji yangu Shedli, mdogo wa marehemu mume wangu na mkubwa wa nyumba yetu kwa sasa, alirudi kutoka mkahawani siku moja akiuliza, "Sasa mtu mweusi tumwite nani? Mweupe aliyezidisha kuoga jua?" Aliifurahia sana kauli yake. Nilimwambia ainywe na kahawa yake huko huko ilikotoka.

Nejma alianza kualikwa redioni kuzungumza juu ya mambo hayo. Asubuhi moja ya masika Barka alikuwa juu ya ngazi uani kwangu, anapaka chokaa ukuta wa kisima, na redio yangu ilikuwa dirishani. Nejma alikuwa akieleza kwa utulivu kwamba maneno ya enzi ya utumwa hayakufa pamoja na utumwa. Kisha akapiga simu bwana mmoja wa hapa hapa kwetu.

"Binti, mnatuchosha," alisema. "Sisi tunawaita hivyo kwa mapenzi. Muulize baba yako mzazi! Kila kiangazi anajiita mtwana mbele ya umati, tena anacheka. Au unamjua kuliko anavyojijua?"

Nejma hakujibu. Kimya kilirefuka mpaka mtangazaji akaweka tangazo la nyanya za kopo.

Niliinua macho. Brashi ilikuwa imesimama ukutani na chokaa inadondokea vyungu vyangu vya rehani.

"Hiyo sauti ya Nuri muuza vigae," Barka alisema. "Ana mdogo wake anaoa kiangazi hiki. Nimeshaahidi kuwapigia."

"Barka..."

"Zima hiyo redio, Bi Kamar, tafadhali. Chokaa inakauka vibaya."

Nejma alikuja mwisho wa juma lile. Alikuwa ameposwa na kijana wa Gabes aitwaye Ramzi, mtu mweusi kama yeye, na wazazi wa Ramzi walikuwa watu wa adabu sana. Baba mtu alikuwa amestaafu kazi ya posta. Nejma alipita kwangu kunisalimu na kumchukua baba yake, aliyekuwa anamalizia ukuta. Waliketi uani kwangu na chai ikamiminwa, kwa hiyo walichosemezana nilikisikia chote.

"Baba, nakuomba jambo moja."

"Omba mawili, moja litakuwa pweke."

"Harusini kwangu usiliseme lile neno."

"Neno gani?"

"Unalijua."

"Nataka nilisikie kwako. Wewe ndiye mwalimu."

"Mtwana," alisema Nejma.

"Unaona? Umelisema na paa halikuanguka."

"Limeniangukia mimi, baba. Redioni. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote duniani, isipokuwa wewe."

Barka aliizungusha glasi yake. Kucha zake zilikuwa bado na chokaa. "Mwanangu, unadhani nalisema kwa kuwaogopa? Nikishalisema, mimi ndiye mkubwa pale. Tajiri bahili namwambia ni bahili, mkewe anasikia, na yeye ananipa mkono. Wewe na shahada zako unaweza hilo?"

"Naweza. Tena bila kupiga magoti kwanza."

Barka alinigeukia. "Bi Kamar, kusoma ulimfundisha wewe. Na hii nayo ulimfundisha wewe?"

"Hii alikuja nayo kutoka kwako," nilimjibu. "Mwahidi mtoto, Barka."

Barka alicheka, cheko fupi la kujishinda. "Haya. Harusini kwako sitalisema. Na ngoma je, nayo imepigwa marufuku?"

"Bila ngoma yako siolewi," Nejma alisema, na akaubusu ule mkono wenye chokaa.

Barka alikuwa mtu wa kufanya kazi yake kikamilifu. Aliona kuwa ulimi uliozoea jambo kwa maisha mazima hauwezi kuliacha kwa siku moja, basi akaamua kujizoesha mapema. Harusi ya kwanza iliyokuja ilikuwa ile ya mdogo wake Nuri muuza vigae. Shedli alijitokeza mbele na kishada chake kikubwa kuliko vya wengine, akakichomeka juu ya sikio la Barka, akarudi nyuma na kukunja mikono, anangoja kusifiwa.

Ngoma ikanyamaza. Mahali pa yale maneno ya kwanza Barka alipaacha wazi, akavuta pumzi, kisha akaingia moja kwa moja.

"Nyumba ya Ben Yaala! Huyu hapa Bwana Shedli! Nywele zake zimerudi ujanani, magoti yamekataa kufuata!"

Mwaka uliotangulia watu wangeanguka kwa kicheko. Safari hii walicheka wawili watatu, wakaangalia pembeni. Shedli alisogea karibu.

"Umesahau kitu," alimwambia.

"Sikusahau, Bwana Shedli."

"Basi mimi ndiye niliyekosea sikio." Akanyoosha mkono, akakichomoa kile kishada, akaondoka nacho.

Sijawahi kuona kwetu mtu akirudisha yasmini aliyokwisha kuitoa. Kesho yake Shedli alikuja kwangu kabla hata sijamaliza kufagia.

"Shemeji, wametuambia maneno yanaumiza. Vizuri, tumekubali. Je, yangu mimi hayaumizi? Mbele ya watu ananiambia nimepaka nywele rangi!"

"Umepaka."

"Hiyo si hoja! Zamani alijishusha kwanza, ndipo ananichokoza, tunakuwa tumelipana. Sasa hajishushi. Kwa hiyo amenitukana tu, kama mtu yeyote anavyomtukana mtu. Wanataka adabu? Basi adabu iwe ya pande zote."

Nimeyafikiria sana maneno hayo. Shedli si mjinga. Alichokuwa akikisema, pengine bila kukusudia, ni kwamba kwa miaka yote ile kicheko cha Barka kilikuwa na bei, na bei yenyewe ilikuwa ni ile sentensi ya mwanzo. Mume wangu angelikuwa hai angelisikia hivyo pia. Tulikuwa tukijisifu kwamba katika nyumba yetu mtu mweusi alisema lolote alilotaka. Hatukusema alitakiwa kuanza na nini.

Habari ikaenea. Nyumba moja ilimwambia Barka kuwa wamepata kijana mwenye spika kubwa. Nyumba nyingine ilisema harusi yao itakuwa ndogo tu, ya ndani, kisha tukasikia nderemo zake mtaa mzima. Barka hakulalamika. Lakini harusi ya Nejma ilikuwa inakaribia, na kwetu baba akiozesha binti, nyumba kubwa zisipofika na yasmini zao, wakwe hurudi kwao wanajua wameoa kwa mtu asiye na watu. Alikuja kwangu akiwa amevaa viatu vya Ijumaa.

"Bi Kamar, nina ombi. Mlete Bwana Shedli."

"Atakuja, nitamleta."

"Na kishada chake. Aniwekee mbele ya baba wa Ramzi. Nitaisifu nyumba yenu sifa ambazo hamjapata kuzisikia. Nywele sitazigusa. Magoti sitayagusa."

"Na ile ahadi yako kwa Nejma?"

"Ipo pale pale," alisema, akaweka mkono kifuani.

Shedli nilimwita siku hiyo hiyo. Nilimwambia kuwa jina la Ben Yaala analibeba pamoja na sisi wengine, kwamba atakwenda, atatoa yasmini, na hatamtaka Barka aseme lile neno, si kwa mzaha wala kwa ishara. Alinyoosha kidole kuelekea kwa Mungu. "Sitasema hata neno moja, shemeji." Na hakusema. Lazima niwe mkweli katika hilo, kwa kuwa ndilo analolishikilia mpaka leo.

Harusi ilifanyika alasiri, uani kwa Barka. Alikuwa amezipaka kuta chokaa kwa uangalifu kiasi kwamba mwanga ulituumiza macho. Nejma alikuwa ameketi kwenye kiti kirefu cha bibi harusi, amefunikwa kwa hariri na dhahabu za kuazima na za kwake, na Ramzi kando yake anajipepea kwa kipande cha karatasi. Wazazi wake walikuwa mbele, karibu nami. Barka alipiga ngoma siku hiyo kama kijana. Majirani walitoa yasmini, naye aliwasifu mmoja mmoja kwa maneno mapya aliyoyatunga mwenyewe, mazuri, yasiyo na mwiba. Nejma alikuwa akimtazama huku akitabasamu chini ya shela. Nikasema moyoni kuwa mzee ameweza.

Kisha Shedli akasimama. Njia ikafunguka. Alikwenda taratibu, akamchomekea Barka kishada, akakirekebisha kikae sawa, akarudi nyuma hatua chache. Akakunja mikono. Akangoja.

Ngoma ilinyamaza. Barka alifungua kinywa, akakifunga. Alimtazama Shedli, na Shedli alimtazama kwa uso mtulivu kabisa, uso wa mtu anayengoja haki yake na hana haraka. Nilimwona Barka akimwangalia baba wa Ramzi, kisha akakigusa kile kishada kama anayehakikisha kuwa bado kipo. Nadhani aliogopa kitachomolewa tena. Nadhani pia alimshukuru Shedli kwa kuja, na alitaka kumpa kitu kikubwa, na katika hazina yake yote hakuwa na kikubwa kuliko kile.

"Mimi mtwana wenu," alisema, kwanza kwa sauti ndogo. Kisha koo lenyewe likachukua, sauti ikapanda hadi juu ya kuta. "Na baba yangu mtwana wa baba zenu!"

Watu wetu wachache wa zamani walicheka na kupiga makofi, kwa mazoea tu, kabla hawajajua wanachokifanya. Kicheko kikafa. Baba wa Ramzi aliiweka glasi yake ya sharbati ya lozi chini, polepole, kama ingevunjika. Barka alisimama na fimbo ya ngoma mkononi. Hakuendelea na sifa. Sidhani kama alizikumbuka.

Nejma alisimama. Bibi harusi kwetu hateremki peke yake, na wanawake waliinuka kumzuia, wakidhani anaondoka. Aliikusanya hariri yake yote kwa mikono miwili, akashuka, akatembea hadi kwa baba yake. Alimvua mkanda wa ngoma shingoni, akaiweka ngoma chini.

"Pumzika, baba," alisema.

Hakusema jingine. Alimshika mkono akampeleka kwenye kiti kilichokuwa karibu na chake, akamketisha, akarudi kukaa. Mpiga zumari alibaki amesimama na zumari lake. Baadaye binamu yake Ramzi aliunganisha simu na spika, wasichana wakacheza, na chakula kikaletwa. Wakwe walikula kwa adabu na walitushukuru sote.

Siku zilizofuata nilimwambia Shedli aende akamwombe Barka radhi.

"Kwa lipi? Sikusema neno."

"Kweli hukusema."

"Alisema mwenyewe, kwa kinywa chake."

"Kweli alisema mwenyewe."

"Basi?"

Nilimwambia kwamba kishada kilikuwa chetu, na kungoja kulikuwa kwetu. Alinitazama kama niliyezungumza lugha nyingine. Hajaenda mpaka leo, na ndiyo sababu nimeona niandike, maana nyumba hii ina watu zaidi ya Shedli, na wajukuu wangu watakapoulizwa wajue kilichotokea.

Nejma hakugombana na baba yake. Huja sikukuu zote na mumewe, na sasa na mtoto. Alikwenda mahakamani na lile "Atig Ben Yaala" likaondolewa kwenye jina lake. Niliposikia, nilikaa kitako kwa muda, nikifikiria vile mume wangu angelipokea. Kisha nilimpelekea chungu cha asali. Barka aliendelea kupaka chokaa. Ngoma aliitundika juu ya mlango, upande wa ndani, na hakuna aliyekuja kuiulizia. Tulipokuwa peke yetu aliniambia mara moja tu, akiwa amenipa mgongo, anachanganya chokaa kwenye ndoo, "Nilitaka kumshukuru kwa kuja, bibi. Ulimi haukupata njia nyingine."

Mwaka jana mjukuu wangu Iyed alioa. Kadi niliziandika kwa mkono wangu. Nilipofika kwa Barka kalamu ilisita, kwa sababu sikujua jina lake lote niliandikeje bila kumwandikia lile lile la Atig. Niliandika "Bwana Barka na jamaa yake," nikampelekea mwenyewe, nikamwambia aje kama mgeni na asije na kitu.

Alikuja. Alivaa suti aliyoshonewa kwa harusi ya bintiye. Nilimketisha meza ya wanaume wazima, kando ya mthibitishaji wa mikataba, na wote waliinuka kumpokea. Walimwita Bwana Barka. Walimuuliza afya, wakamuuliza mvua, kisha wakamaliza. Hakuna aliyemtania na yeye hakumtania mtu. Kila mmoja pale alikuwa akipima maneno kabla ya kuyatoa, na yaliyobaki baada ya kupimwa yalikuwa machache mno. Kijana mwenye spika alikuwa akipiga muziki wake kwa nguvu.

Nilipita na sinia ya yasmini, kama mwenye nyumba anavyopaswa, nikimpa kila mgeni kishada. Nilipofika kwake alikipokea. Kinywa chake kilifunguka, na mkono wake wa kulia ukapapasa kifuani mahali pa ngoma. Kisha akafunga kinywa.

"Ahsante, Bi Kamar," alisema.

"Karibu sana, Bwana Barka."

Kuskusi ya samaki ilikuwa haijaandaliwa nilipomwona anakwenda kwenye lango. Nilimfuata.

"Chakula bado, Barka. Kaa. Kiti ni chako."

"Najua ni changu, bibi, na mmenipa heshima." Alikuwa bado ameshika kile kishada, hakukiweka sikioni. Aligeuka akazitazama taa, meza, na vijana wanaocheza. "Ila sijui kukaa harusini. Nimekaa pale, nikajiuliza, mikono yangu niiweke wapi?"

Nilitafuta la kumwambia, mimi niliyefundisha kusoma na kuandika maisha yangu yote. Aliningoja kidogo, kwa adabu. Kisha akanitakia heri ya maharusi na kwenda zake kando ya ukuta alioupaka yeye.